Aliteswa akiwa mdogo, sasa anasema bora asingezaliwa

Swali: Ninamlea binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 15. Tangu akiwa na miaka 6 hadi 11 aliishi na baba wa kambo aliyekuwa akimpiga na kumtukana karibu kila siku. Kuna mengine ninayoyashuku lakini hajayasema. Sasa amekuwa mkorofi: anatoroka shule, anapigana, akikemewa anajifungia. Juzi nimesikia amemwambia mwenzake kwamba bora asingezaliwa. Wazee wanasema ni utundu wa umri, na kwamba nikimuuliza kuhusu kujiua nitakuwa nimemtia wazo kichwani. Je, mateso yaliyokwisha miaka minne iliyopita yanaweza kumfikisha mtu huko? Nifanye nini?

Jibu: Mama, muulize. Muulize leo kama inawezekana, kabla hata hujampata mshauri. Maneno aliyomwambia mwenzake ni taarifa, na taarifa ya namna hii haingoji kikao cha ukoo.

Hofu ya wazee ni ya kweli na watu wengi wanayo, lakini imeshapimwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York. Kundi moja liliulizwa maswali kuhusu kujiua, jingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakufadhaika zaidi wala hawakupata mawazo zaidi ya kujiua kuliko wenzao, na wale waliokuwa tayari na sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana kuwa na nafuu kidogo. Kijana mwenye wazo hilo hukaa nalo peke yake. Kumuuliza kunamwondolea upweke huo.

Tafuta wakati mko wawili tu, simu zimezimwa, hakuna mdogo wake anayepita mlangoni. Vijana wengi huongea kwa urahisi zaidi mkiwa bega kwa bega, mnatembea au mnaosha vyombo, kuliko mkitazamana uso kwa uso. Sema kitu kama hiki: “Nimesikia ulisema bora usingezaliwa. Sijakasirika. Mtu akiumia kwa muda mrefu, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umewahi kufikiria hivyo?” Kisha nyamaza. Ukimya ukirefuka, uache urefuke. Usiulize “hufikirii mambo ya kijinga, au siyo?” kwa sababu swali hilo limeshabeba jibu unalolitaka, naye atakupa hilo hilo ili akuridhishe.

Hospitali nyingi hutumia dodoso fupi liitwalo ASQ, lililoandaliwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Lina maswali manne, nawe unaweza kuyafuata: wiki hizi chache, umetamani ungekuwa umekufa? Umehisi kwamba wewe au familia yako mngekuwa na nafuu kama ungekuwa umekufa? Wiki hii iliyopita umekuwa na mawazo ya kujiua? Umewahi kujaribu kujiua, na lini? Likipatikana “ndiyo” hata moja, linafuata la tano: je, hivi sasa tunavyoongea, una mawazo hayo? Akisema ndiyo hapa, au akikuambia ameshapanga atakavyofanya, usimwache peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani. Ondoa vitu vya hatari, mwite mtu mzima mwingine, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na kama nchi yako ina namba ya simu ya msaada itumie mkiwa njiani. Akisema ndiyo kwa mawazo lakini si kwa sasa, una nafasi ya kupanga, ila hesabu siku, usihesabu miezi.

Sasa kuhusu miaka minne. Ndiyo, mateso yaliyokwisha yanaweza kumfikisha mtu huko. Mwaka 2001 Shanta Dube na wenzake walichambua majibu ya watu wazima 17,337 waliokuwa wakitibiwa San Diego, Marekani, kuhusu aina nane za masaibu ya utotoni: kupigwa, kutukanwa na kudhalilishwa, kunyanyaswa kingono, kuishi na mlevi nyumbani, kuona mama akipigwa, na mengine. Aina yoyote moja iliongeza uwezekano wa kuwahi kujaribu kujiua kati ya mara 2 na 5, na kila aina ilipoongezeka juu ya nyingine hatari nayo ilipanda. Kwa wasiopatwa na hata moja, waliowahi kujaribu walikuwa kama 1 katika kila 100. Kwa waliopatwa na saba au zaidi, walikuwa 35 katika kila 100. Utafiti huo ulitegemea kumbukumbu, na kumbukumbu zina kasoro zake, lakini tafiti zilizowafuatilia watoto mwaka hadi mwaka zimeonyesha mwelekeo uo huo.

Namba hiyo ya 35 naomba uisome na upande wake wa pili. Hata katika kundi lililoteswa kuliko yote, 65 kati ya 100 hawakuwahi kujaribu. Wote walibeba historia nzito. Tofauti yao iko katika mambo yaliyoingia kati ya mateso na siku ile mtu anapofikia kutaka kufa, na mengi kati ya hayo yapo nyumbani kwako hivi sasa na unaweza kuyagusa.

La kwanza ni mwili. Mtoto aliyekaa miaka mitano akisikiliza hatua za mtu kwenye korido ana king'ora ndani yake kilichozoea kulia upesi na kuchelewa kuzimika. Mfumo wa homoni za msongo, kotisoli ikiwa mojawapo, hujipanga kulingana na mazingira ya utotoni. Mwaka 2009 watafiti wa Montreal, Patrick McGowan na wenzake, walichunguza ubongo wa marehemu 36: 12 waliojiua na waliteswa utotoni, 12 waliojiua bila historia hiyo, na 12 waliokufa kwa sababu nyingine. Jeni inayosaidia kuutuliza mfumo huo ilikuwa imefifishwa kwa wale walioteswa, si kwa wengine waliojiua. Ni utafiti mdogo na hauwezi kumtabiria mtu yeyote maisha yake. Unachoeleza ni kwa nini binti yako anaweza kutoka kwenye kukemewa kidogo hadi kutaka kufa ndani ya dakika kumi, na kwa nini kumwambia “tulia” hakusaidii. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

La pili ni maelezo aliyojipa. Mtoto mdogo hawezi kuishi akiamini kwamba mtu anayempa chakula na kitanda ni mtu mbaya, kwa hiyo huamua kwamba mbaya ni yeye. Matusi ya kila siku huthibitisha uamuzi huo. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii hawayachukulii matusi kuwa madogo kuliko kipigo: uhusiano wake na mawazo ya kujiua ni mkubwa, na hayaachi kovu ambalo mwalimu au daktari ataliona. Unyanyasaji wa kingono una uzito wa pekee, hasa ukifanywa na mtu wa nyumbani na mtoto akawahi kusema asiaminiwe. Kwa wavulana uhusiano huo ni mkali vilevile, tena wao huchelewa zaidi kusema.

La tatu limeelezwa vizuri na mwanasaikolojia Thomas Joiner mwaka 2005. Kwa nadharia yake, mtu hutaka kufa anapohisi mambo mawili kwa pamoja: kwamba hana wa kwake, na kwamba yeye ni mzigo kwa wengine. Na huweza kulitenda pale woga wa maumivu na kifo unapokuwa umepungua. Mtoto aliyepigwa miaka mitano amefundishwa yote matatu. Kujikatakata, kupigana na kujihatarisha huendelea kumzoesha maumivu. Na hapa, mama, nakuomba uangalie lugha ya nyumbani. Kauli kama “unajua ninavyojinyima kwa ajili yako” au “wanangu mwenyewe sijawanunulia, wewe nimekununulia” mtoto mwingine huisikia kama lawama ya kawaida. Yatima aliyehamishwa nyumba huisikia kama hesabu, na katika hesabu hiyo anajikuta amezidi.

La nne ni ukorofi wenyewe. Sonona ya kijana mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, na vigezo vya kitabibu vya ugonjwa huo vinakubali hasira ya kudumu badala ya huzuni kwa watoto na vijana. Wazee wanaouona utundu wanaona kitu cha kweli, ila wanakitafsiri nusu. Hatari inakuwa kubwa pale adhabu inapoingia: amepigana, amesimamishwa shule wiki mbili, amenyang'anywa simu, amefungiwa ndani. Kwa hatua tatu tumemwondolea rafiki aliyemwambia siri, tumemthibitishia kwamba ni mbaya, na tumempa saa nyingi za upweke. Vijana wengi hupiga hatua kutoka kwenye wazo hadi kwenye tendo mara tu baada ya jambo ambalo kwa mtu mzima ni dogo: kuaibishwa mbele ya darasa, kuachwa na mpenzi, picha kusambazwa, ugomvi na mlezi jioni. Pombe na bangi hufupisha zaidi njia hiyo.

Kwa nini sasa, na si wakati ule? Kwa sababu akiwa na miaka 9 kazi yake ilikuwa kuvuka siku. Akifika 14 au 15 akili yake inaweza kuyapa matukio maana ambayo hakuwa nayo, hasa yale ya kingono. Mwili unabadilika, mapenzi yanaanza, miguso inakumbusha. Na yuko salama kwako: walezi wengi hushtuka kuona mtoto “anaharibika” baada ya kuokolewa, kumbe ameanza kuyatoa pale anapoamini hatauawa kwa kuyatoa. Ongeza kifo cha mama yake juu ya yote hayo.

Hakikisha kwanza kwamba yamekwisha kweli. Je, yule bwana anampigia simu? Wanakutana misibani, au akienda kuwaona wadogo zake? Kuna mwingine anayempiga, shuleni au kwako? Ushauri nasaha haushiki kwa mtoto anayeendelea kuumizwa. Kiboko kiondoke kabisa katika nyumba, hata kile mnachokiita cha malezi.

Siku hiyo hiyo utakayomuuliza, pitia nyumba. Dawa zote, pamoja na zile za kawaida za maumivu na za mgonjwa mwingine wa nyumbani, zifungiwe kwa ufunguo ambao wewe pekee unao. Sumu za wadudu na za shambani zitoke kabisa nyumbani. Silaha, kama ipo, ihamie kwa mtu mwingine. Watu hubisha kwamba aliyeamua atatafuta njia nyingine. Kwa kawaida haiko hivyo: kilele cha hamu ya kufa mara nyingi hudumu dakika au saa chache, na asipokuta kitu karibu, kilele kinapita na wengi hawahamii kwenye njia nyingine. Kosa la kawaida ni kuficha badala ya kufungia. Kijana anajua kila pembe ya nyumba.

Kisha mwandike mpango wa usalama. Huu ni utaratibu wa Barbara Stanley na Gregory Brown, na katika utafiti wao wa mwaka 2018 kwa watu wazima waliofikishwa idara za dharura, waliopewa mpango na kupigiwa simu za ufuatiliaji walikuwa na matukio ya kujiua au kujaribu pungufu kwa takriban asilimia 45 katika miezi sita. Una sehemu sita kwa mfuatano: dalili kwamba dhoruba inakuja, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumwondoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada waziwazi, wataalamu na namba zao, na namna ya kuweka vitu vya hatari mbali. Auandike yeye, kwa mwandiko wake, aupige picha ukae kwenye simu. Hii nayo ni sababu ya kutomnyang'anya simu.

Mpango huharibika ukiwa wa jumla. “Nikiwa na huzuni” haimwambii kitu. “Nikianza kukaa bafuni bila kuwasha taa, na nikisikia sauti yake ikiniita mbwa” inamwambia wakati umefika. “Nitafikiria mazuri” haifanyi kazi kichwa kikiwa kimewaka; kuosha uso kwa maji baridi sana, kutoka nje na kutembea haraka dakika kumi na tano, kusikiliza kitu fulani alichokitaja kwa jina, hivyo vinaweza kufanyika. Kwenye watu, mwondoe yeyote asiyepokea simu usiku. Ujaribuni siku ya kawaida, mwone kama namba zinapatikana. Na usimtake aape au asaini kwamba hatajiua: hakuna ushahidi kwamba viapo hivyo vinalinda, na siku akizidiwa atakuficha ili asionekane amevunja ahadi.

Kuhusu yale unayoyashuku, usichimbe. Mlango uache wazi: “Kama kuna jambo lolote ulifanyiwa, hata ukiambiwa usiseme, mimi nitakuamini.” Siku akisema, maneno matatu yanatosha: nakuamini, si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usiulize ilikuwaje, mara ngapi, wapi. Maelezo hayo atayatoa mara moja kwa mtu aliyefunzwa, na kumrudisha kwayo mara tano mbele ya mashangazi na wajomba kunamuumiza na kunaweza kuharibu kesi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza, mwambie mapema kwamba kuna watu wawili au watatu watakaojua na uwataje. Ripoti kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto. Kamwe usikubali kikao cha kumkutanisha na mtuhumiwa “wayamalize”.

Tiba ipo, na ina mpangilio. Kwa kiwewe cha utotoni inayojulikana zaidi ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, kwa kifupi TF-CBT, ya vikao kama 12 hadi 16, kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, mlezi akishiriki. Huanza na kumfundisha kutuliza mwili na kutaja hisia, ndipo polepole asimulie yaliyompata hadi yaweze kusemwa bila kumzamisha. Mshauri anayeanza kikao cha kwanza kwa “hebu nieleze alivyokufanya” ameanzia mwisho. Kama binti anajidhuru mara kwa mara au ameshajaribu kujiua, kwanza hutafutwa utulivu. Hapo tiba yenye ushahidi mzuri ni DBT, tiba ya mwanasaikolojia Marsha Linehan inayomfundisha mtu kuvumilia hisia kali bila kujidhuru, ambayo mwaka 2018 ilijaribiwa kwa vijana 173 wenye hatari kubwa na ikapunguza majaribio ya kujiua kuliko tiba ya kawaida ya kumsikiliza na kumtia moyo. Usipoipata kwa jina, muulize mtaalamu: utamfundisha nini cha kufanya hamu ya kufa inapopanda? Mwenye jibu mahususi ndiye wa kuanza naye.

Daktari akiandika dawa ya sonona, usiogope na usilegee. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa hizi kwa watoto na vijana, kwa kuwa katika majaribio yaliyojumlishwa mawazo au matendo ya kujiua yalitokea kwa asilimia 4 ya waliomeza dawa dhidi ya asilimia 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Maana yake kwako: wiki za kwanza, na kila dozi inapobadilishwa, mwangalie kila siku kama hatulii, halali au amechangamka kupita kiasi, mwambie daktari upesi, usizikatishe ghafla, na vidonge uvitunze wewe.

Shuleni mtafute mtu mzima mmoja anayempenda, amwambie binti kwamba anaweza kutoka darasani na kwenda kwake bila kuulizwa mbele za watu. Huyo ajue kuhusu mpango wa usalama. Hana haja ya kujua historia yote. Omba adhabu ya kusimamishwa ibadilishwe kuwa kazi atakayoifanya akiwa shuleni.

Ikitokea amelazwa, kipindi kigumu ni baada ya kutoka, hasa wiki ya kwanza na miezi mitatu inayofuata. Usitoke hospitali bila tarehe ya kuonana na mtaalamu ndani ya siku saba. Jerome Motto, wa San Francisco, aliwahi kuwaandikia barua fupi watu waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa, barua zisizodai chochote. Katika utafiti huo wa watu 843, walioandikiwa walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wasioandikiwa, hasa miaka miwili ya mwanzo. Unaweza kufanya vivyo kwa simu: “Nimekukumbuka mchana huu. Huna haja ya kujibu.” Usiambatanishe swali la masomo.

Pengine atakataa kwenda kwa mshauri. Usimburute, isipokuwa hatari ni ya leo. Nenda wewe kwanza, maana mlezi akifundishwa kuna mengi hubadilika nyumbani hata mtoto hajaingia chumba cha ushauri; nawe pia umempoteza dada. Mwambie umekwenda. Mpe chaguo la kweli: mwanamke au mwanamume, kikao kimoja cha kujaribu, wewe ukae ndani au nje. Na wakati huo endelea kuuliza. Mkubaliane kipimo cha 0 hadi 10, 0 hakuna wazo la kufa, 10 siwezi kujizuia, akutajie namba tu kila jioni kwa wiki za mwanzo, baadaye mara moja kwa wiki. Akisema 3, mwitikie “asante” na mwendelee na mliyokuwa mnafanya. Akisema 7, fungueni mpango na mkae pamoja hadi ishuke. Akisema 9 au akikataa kutaja, mnakwenda hospitali usiku huo.